USIIDHARAU HERUFI H

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mpenzi msomaji, mwiba nitakaouzungumzia hapa si wa mgunga wala wa mchongoma. Ni herufi moja tu ya alfabeti, herufi H. Ukiitamka husikii mlio wa meno wala wa ulimi. Ni pumzi tupu inayotoka kooni, kama ya mtu anayepulizia kioo mvuke ili akipanguse. Ndiyo maana wengi wetu huiangusha njiani bila kujali. Mimi nami nilikuwa mmoja wao hadi siku iliponiaibisha mbele ya nyanya yangu.

Mwaka jana nyanya alikuwa akisumbuliwa na jicho la kushoto. Alikuwa amepewa siku ya kumwona daktari wa macho, nayo ilikuwa Alhamisi. Alhamisi hiyo asubuhi na mapema, nikiwa tayari nimebeba mkoba wa vitabu, simu ya mama ikalia mezani. Mama alikuwa ameenda kuteka maji. Nikaipokea. Sauti ya mwanamke ikasema kwa haraka, "Mwambieni nyanya daktari wa macho hatakuwepo leo," kisha simu ikakatika. Basi nikararua karatasi daftarini, nikaandika: "Mama, wamepiga simu. Daktari wa macho atakuwepo leo." Nikaiweka chini ya mkebe wa sukari, nikatoka mbio, maana sisi wa shule ya kutwa twajua kuwa kengele haimngoji mtu.

Niliporudi jioni nilimkuta nyanya ameketi kwenye kigoda, miguu yake imo ndani ya karai la maji ya moto. Walikuwa wamepanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, watu wawili, na mlango wa daktari wameukuta umefungwa. Pesa za unga zilikuwa zimeishia kwa makanga. Mama hakunigombeza. Alininyoshea tu ile karatasi. Nyanya, ambaye hajui kusoma, aliitazama akasema, "Mjukuu wangu, kumbe karatasi nayo huongopa?"

Nililitazama lile neno nikaliona kosa. Nilikuwa nimeandika vile ninavyotamka. Herufi moja haikuwepo, na "la" ikawa "ndiyo". Tangu siku hiyo nilianza kuichunguza hii H: ilitoka wapi, ina maana ngapi, na kwa nini inatuponyoka. Haya ndiyo niliyoyapata kutoka kwa vitabu na kwa walimu wetu, nami nawaletea wanafunzi wenzangu ili yasiwapate yaliyonipata.

H ILITOKA WAPI?

Yapata miaka elfu tatu iliyopita, katika pwani ya nchi tunayoiita Lebanoni hivi leo, waliishi Wafoinike. Walikuwa watu wa merikebu na biashara. Walikuwa na alfabeti ya herufi 22, zote konsonanti. Mojawapo iliitwa heth. Umbo lake lilifanana na ngazi fupi: nguzo mbili zimesimama, na vipande vya miti vimelala kati yake. Wataalamu wengi husema kwamba mchoro huo ulianza kama picha ya ua, yaani ule uzio wa kuzungushia boma. Sauti yake ilitoka ndani kooni, kama ile "ha" nzito ya Waarabu.

Wagiriki waliichukua alfabeti hiyo. Baada ya muda vipande vya juu na chini vya ngazi vikaondolewa, kikabaki kimoja cha katikati. Hapo ndipo tukapata umbo la H tunalolijua. Lakini sikiliza ajabu hii. Wagiriki wa mashariki, wale waliokaa Ionia katika pwani ya Uturuki ya leo, walikuwa wameacha kuitamka sauti ya h. Wakajikuta na herufi isiyo na kazi. Hawakuitupa. Waliipa kazi nyingine, ikawa irabu "e" ndefu, wakaiita eta. Mwaka 403 K.K. mji wa Athens ukaamua kuifuata alfabeti ya Ionia, na hivyo H ya Wagiriki ikawa irabu moja kwa moja.

Wagiriki wa magharibi nao walikuwa bado wanaitamka h. Hao ndio walioipeleka Italia, Waetruski wakaipokea, na Warumi wakaipata kutoka kwao. Alfabeti ya Kirumi ndiyo hii tunayoandikia leo. Kwa hivyo herufi ile ile moja, kwa Mgiriki ikawa "e" na kwa Mrumi ikawa "h". Nawe ukienda Urusi ukaona umbo la H kwenye kibao, usije ukadhani ni h. Huko umbo hilo husomwa "n", kwani lilitokana na herufi nyingine ya Kigiriki. Alama ni ya watu wanaoitumia.

WARUMI NAO WALIANGUSHA H

Nilidhani ni sisi tu wa huku bara tunaochekwa kwa ajili ya H. Kumbe wapi! Warumi wa kawaida, watu wa sokoni na mashambani, walikuwa wakiiangusha H tangu kabla ya Kristo kuzaliwa. Waliosoma wakawa wanawacheka. Na waliochekwa, kwa kuogopa, wakaanza kuitia H hata pale isipotakiwa. Mshairi mmoja wa Roma aitwaye Catullus, aliyeishi katika karne ya kwanza K.K., alitunga shairi la kumdhihaki mtu aitwaye Arrius kwa kosa hilo hilo la kubandika H mbele ya maneno yasiyokuwa nayo.

Niliposoma habari za huyo Arrius nilihisi ni ndugu yangu. Mimi nilipokuwa kidato cha kwanza nilisema "atari" mbele ya darasa badala ya "hatari", na tangu siku hiyo nikabatizwa jina la Atari. Kwa kuogopa kuchekwa tena nikaanza kuweka H kila mahali. Nikaandika "hakili", "hadui", na hata "hasubuhi". Insha yangu ilirudi ikiwa na miduara kumi na mmoja ya wino mwekundu. Mwalimu hakujua kuwa sita kati ya makosa hayo yalitokana na hofu wala si na uvivu.

Yuko na mwingine ambaye afaa kukumbukwa, naye ni Mwafrika. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 B.K. katika mji wa Thagaste, ambao leo uko nchini Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo alilalamika kuhusu walimu na wasomi wa wakati wake. Alisema kwamba mtu akiiangusha H katika neno la Kilatini lenye maana ya "binadamu", watu huchukizwa kuliko wanavyochukizwa akimchukia binadamu mwenyewe. Jambo hilo lilinifanya niketi nikafikiri. Kosa la H ni kosa, nalo lafaa kurekebishwa, lakini kumdharau mwenzako kwa sababu yake ni kosa kubwa zaidi.

Mwishowe H ikafa vinywani mwa Warumi. Ndiyo sababu lugha zilizozaliwa na Kilatini, kama vile Kifaransa na Kiitaliano, hazitamki H hiyo hata kidogo. Mfaransa huiandika katika neno "hôtel" lakini anasema "otel". Waingereza wenyewe huandika "hour" na "honest" na hawaitamki H. Kwa hivyo, mwenzangu, kabla hujamcheka anayesema "atari", mcheke kwanza Mfaransa.

H TATU ZA WAARABU

Turudi nyumbani, pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi Waswahili waliandika lugha yao kwa hati za Kiarabu. Katika alfabeti ya Kiarabu hakuna H moja. Ziko tatu ambazo kwetu zimekuja kukutana. Ya kwanza ni "ha" nyepesi ya pumzi, ya pili ni "ha" nzito ya kooni, na ya tatu ni "kha" yenye kukwaruza, kama mtu anayetaka kutoa mwiba wa samaki kooni.

Maneno mengi ya Kiarabu yalipoingia katika Kiswahili yaliingia na H hizo zote tatu. Kutoka kwa ile nyepesi tulipata hewa, fahamu na shahidi. Kutoka kwa ile nzito tulipata haki, hali, hesabu, hekima, hukumu, halali na haramu. Na kutoka kwa "kha" tulipata habari, heri, hatari na hasara. Mwarabu akisema maneno hayo utasikia milango mitatu tofauti. Sisi tumezifanya zote zipitie mlango mmoja. Hata hivyo, wazee wa pwani bado utawasikia wakisema "khabari" na "kheri", na yuko mtu anayeitwa Khamisi na mwingine Hamisi, na jina ni lile lile.

Wamishonari ndio walioeneza uandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, akiwemo Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Baadaye, mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Katika maandishi hayo sanifu "kh" nyingi zimeandikwa "h" tu. Basi H yetu ya leo ni mto mmoja uliopokea maji ya vijito vitatu.

Kabla sijaondoka hapo, tazama jambo hili la kufurahisha. Neno la Kiarabu la tano ni "khamsa", na kutoka katika mzizi huo tukapata hamsini na pia Alhamisi, yaani siku ya tano. Lakini siku iliyo kabla yake twaiita Jumatano, ambayo ni siku ya tano kwa hesabu yetu ya Kibantu inayoanzia Jumamosi. Kwa hivyo wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na ile ya Kiarabu ndiyo iliyobeba H.

H MAABARANI NA SHAMBANI

H haikai katika vitabu vya Kiswahili peke yake. Ukiingia maabara ya kemia utaikuta ya kwanza kabisa katika jedwali la elementi. Hapo ni haidrojeni. Jina hilo lilitungwa na Mfaransa Lavoisier na wenzake mwaka 1787 kutokana na maneno ya Kigiriki, na maana yake ni "kizaa maji", kwani haidrojeni ikiungua hufanyika maji. Ajabu ni kwamba aliyeipa jina hilo lenye H alikuwa mtu wa taifa lisilotamka H! Katika pH, ambayo ilibuniwa na mkemia wa Denmark aitwaye Sørensen mwaka 1909, H ni hiyo hiyo ya haidrojeni. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi.

Katika hisabati h ndogo ni kimo cha pembetatu. Katika fizikia H kubwa ni kipimo kiitwacho henry, kwa heshima ya Mmarekani Joseph Henry. Kwenye penseli ya HB, H huonyesha ugumu wa risasi yake na B huonyesha weusi wake, ndiyo maana penseli ya 4H huandika hafifu sana. Barabarani ukiona kibao chenye H kubwa, jua hospitali iko karibu.

Na ukiitazama hati ya shamba la wazazi wako, utaona ukubwa umeandikwa kwa "ha". Hiyo ni hekta, nayo ni mita za mraba 10,000. Usiichanganye na ekari. Ekari moja ni kama hekta 0.405 tu. Mtu akikuambia anauza hekta mbili nawe ukasikia ekari mbili, umepishana na zaidi ya nusu ya shamba zima.

H INAPOSAIDIA WENZAKE

Katika Kiswahili H pia ni msaidizi wa herufi nyingine. Ikiketi nyuma ya herufi, sauti hubadilika kabisa. Tunayo ch, sh, dh, th, gh na kh. Herufi C yenyewe haiwezi hata kusimama katika Kiswahili bila H. Tazama tofauti zinazoletwa:

saba ni hesabu, shaba ni madini;
suka ni nywele au mkeka, shuka ni kutoka garini;
tamani ni kutaka sana, thamani ni bei au ubora wa kitu.

Mtu akimwambia makanga "Nataka kusuka hapa", makanga atamwelewa kwa huruma tu, kwa sababu matatu si mahali pa kusuka nywele.

Huko Mombasa, katika Kimvita, ipo na pumzi nyingine ambayo maandishi yetu sanifu hayaionyeshi. Paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, na paa mnyama wa porini hutamkwa na pumzi nyuma ya p. Sisi wa bara tunaandika sawa na kusema sawa, lakini sikio la Mmvita latenganisha.

KAZI KUBWA: KUSEMA "LA"

Sasa nimefika penye mwiba wenyewe. Katika sarufi ya Kiswahili H ina kazi tatu ambazo hakuna herufi nyingine inayoweza kuzifanya.

Kwanza, huonyesha kilicho karibu. Sema huyu, hawa, hiki, hivi, hii, hizi, hapa, huku, humu. Vyote vya karibu vina H. Ukisogea mbali H inatoweka: yule, wale, kile, vile, pale, kule, mle.

Pili, huonyesha mazoea. Mtoto hulala mapema. Mvua hunyesha Aprili. Simba hula nyama. Hiyo "hu-" haibadiliki, awe mmoja au wengi.

Tatu, na hapa ndipo nilipoangukia, hukanusha. Hebu tuangalie nyakati moja moja.

Anasoma, hasomi. Hapa hata ukiangusha H ukasema "asomi", msikilizaji atakuelewa, maana "-na-" imeondoka na mwisho umegeuka kuwa "-i".
Alisoma, hakusoma. Hapa pia "-li-" imekuwa "-ku-".
Amesoma, hajasoma. "-me-" imekuwa "-ja-".
Atasoma, hatasoma. Je, ni nini kingine kilichobadilika? Hakuna! Ni H peke yake.

Na si wakati ujao tu. Ana pesa, hana pesa. Angejua, hangejua. (Wanaosema "asingejua" wana bahati, kwa kuwa ile "-si-" inawalinda.) Katika sentensi hizo ukiiangusha H hujakosea matamshi tu. Umesema kinyume cha ulilokusudia, nayo sentensi yako ni sahihi kisarufi, kwa hivyo hakuna atakayekushuku. Hiyo ndiyo hatari yake. Kosa linaloonekana hurekebishwa, lakini kosa lililovaa nguo za usahihi hupita bila kuulizwa.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Kiswahili kwa nini iwe hivyo. Akanionyesha ubaoni. Kikanushi chenyewe ni "ha-". Kikiwekwa mbele ya "tutakuja" tunapata "hatutakuja". Ukiangusha H hapo inabaki "atutakuja", neno lisilokuwepo, na msikilizaji atajua kuna kasoro. Lakini kikiwekwa mbele ya "atakuja", ile a ya "ha-" na ile a ya mtu huungana zikawa moja: hatakuja. Ukiitoa H, inabaki a ya mtu tu, "atakuja". Ni vivyo hivyo kwa "utakuja": ha- na u- huungana kuwa "hutakuja". Kwa hivyo ni watu wawili tu walio katika hatari, wewe na yeye. Mimi mwenyewe niko salama, maana nasema "sitakuja", bila H. Nikafikiri: basi mtu anayeangusha H anaweza kujikania nafsi yake vizuri, lakini hawezi kumkania mwenzake. Anaweza kusema "sina deni", lakini akitaka kumtetea rafiki yake kwa kusema "hana deni", atasema "ana deni"!

Fikiria shahidi mahakamani akisema hivyo. Fikiria nesi, au karani wa karo. "Huyu atalipa." "Huyu hatalipa." Pumzi moja tu kati yao. Na fikiria dereva wa matatu: hajali, na ajali. Hapo maneno ni mawili tofauti, lakini barabarani mara nyingi hufuatana.

KWA NINI INATUPONYOKA?

Sababu si ujinga. Sababu ni lugha tulizonyonya pamoja na maziwa. Mimi ni Mkamba, na Kikamba hakina sauti ya h. Kikalenjini nacho hakina. Mtoto aliyekulia katika lugha hizo hajawahi kuihitaji pumzi hiyo hadi aingie darasani.

Gĩkũyũ nacho ni jirani wa Kikamba, na kinayo h. Nilipolinganisha maneno nilishangaa. Mahali kwa Gĩkũyũ ni "handu", na kwa Kikamba ni "vandu". Kupaka kwa Gĩkũyũ ni "kũhaka", na kwa Kikamba ni "kũvaka". Kwa hivyo pale Kiswahili kinapotumia p, mara nyingi Gĩkũyũ hutumia h nasi Wakamba hutumia v. Lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja waliogawana urithi. Kiswahili kikabaki na p, Gĩkũyũ kikapata pumzi, sisi tukapata v. Hakuna aliyeibiwa. Lakini tunapokutana katika Kiswahili, kila mmoja ana mwiba wake. Mwingine atashindwa na sh, mwingine na r na l, mimi na H. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

TUFANYEJE?

Nitataja mambo manne ambayo yamenisaidia.

Kwanza, weka kiganja mbele ya mdomo. Sema "ana", kisha sema "hana". Katika neno la pili utahisi hewa yenye joto ikigusa kiganja kabla ya irabu. Usipohisi, hujaitamka. Fanya hivyo mara kumi asubuhi ukielekea shuleni. Watu watakutazama njiani, waache watazame.

Pili, ukimaliza kuandika insha au ujumbe, rudia na uzungushie kalamu kila ana-, ata-, ange-, una-, uta- na unge-. Kwa kila moja jiulize: je, ni ndiyo au ni la? Itakuchukua dakika mbili.

Tatu, usibandike H kwa kubahatisha kama Arrius. Akili, asubuhi, adui, asante na ahadi huanza kwa A. Ukiwa na shaka fungua kamusi, haiumi.

Nne, ujumbe ukiwa wa maana, usiitegemee pumzi peke yake. Andika "Daktari hatakuwepo, msiende." Lau ningeongeza neno hilo moja, nyanya angekaa nyumbani.

Kwenu nyinyi mnaoitamka H bila taabu, nina ombi moja. Mwenzenu akiiangusha, msimcheke mbele ya watu. Mwambieni polepole. Mimi niliyechekwa nilinyamaza darasani muhula mzima, na mtu aliyenyamaza hajifunzi kutamka. Kwa walimu wetu naomba kwa heshima kwamba katika mashindano ya chama chetu tuwe pia na zoezi la kusoma kwa sauti maneno ya jozi kama haya. Hata sisi akina Atari tutashiriki.

Nyanya alimwona daktari wiki iliyofuata, na jicho lake sasa laendelea vyema. Safari hiyo simu ilipigwa tena, na ni mimi niliyeipokea. Sikuandika chochote. Nilikimbia hadi mtoni nikamwambia mama kwa mdomo wangu, polepole, nikiwa nimeweka kiganja mbele ya midomo: "Mama, daktari hataenda popote. Yupo." Mama akacheka hadi akaweka mtungi chini.

Ile karatasi ninayo bado, nimeitia ndani ya kamusi, kwenye kurasa za herufi H.

Kiswahili kitukuzwe!